Hotuba juu ya Kukoma Hedhi Mapema na Afya ya Mifupa



Wazee wetu waheshimiwa, mama zangu na dada zangu wa Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura,

Chama kimenitaka niseme neno juu ya afya, nami nimechagua jambo ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona, yaani mwanamke kukomewa na hedhi kabla ya wakati wake, na madhara yaipatayo mifupa yake. Nawaomba wanaume wasitoke. Habari za hedhi mlizisoma chuoni tangu utotoni, katika milango ya tohara na eda. Hapana haya kuzisikia leo.

Wanawake wengi hukomewa na hedhi karibu na umri wa miaka 50. Ikikoma kabla ya miaka 45, madaktari husema ni mapema. Kabla ya 40, ni mapema mno, na hilo humfika kwa uchache mwanamke mmoja katika kila mia. Pengine sababu yajulikana, kama vile kuondolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji, au dawa za saratani. Mara nyingi haijulikani kabisa. Ama aliyetolewa kizazi peke yake, vifuko vikabaki, huyo asijihesabu humo kwa haraka, kwa kuwa vifuko vyake vyaweza kuendelea na kazi ijapokuwa damu haionekani.

Mfupa si jiwe. Ni kama nyumba ibomolewayo na kujengwa upya kila siku, na homoni iitwayo estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasiwapite waashi. Daktari Fuller Albright wa Boston aliuhusisha udhaifu wa mifupa na kukoma hedhi mwaka 1941. Estrojeni ikiondoka, mfupa hupungua kwa kasi katika miaka ile ya mwanzo, na kwa hiyo aliyekomewa akiwa na miaka 38 huanza kupoteza akiba yake miaka kumi na zaidi kabla ya wenziwe. Wala hahisi maumivu yoyote, mpaka siku atakapoteleza penye saruji yenye maji akitawadha, na kifundo cha mkono kikavunjika, au nyonga.

Msiba wenyewe uko katika ukimya. Mwanamke kijana hedhi ikimkatikia, kwanza hudhani ni mimba, kisha hunyamaza, akichelea talaka, au kuletewa mke mwenza, au kuitwa tasa na mawifi. Miaka mitano hupita hivyo, na hiyo ndiyo miaka ambayo tiba ingemfaa zaidi. Nawaambia waume: miezi mitatu ikipita bila hedhi na mimba haipo, mpeleke mkeo hospitali wewe mwenyewe, damu yake ipimwe.

Tiba iliyo bora kwa wengi wao ni kurudishiwa homoni ile iliyopungua, mpaka afikie kama miaka 50. Na mwenye kizazi hupewa na homoni ya pili ya kukilinda. Wengi huiogopa kwa habari za utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002. Lakini utafiti ule ulikuwa juu ya wanawake wa miaka 50 hadi 79, ambao miili yao haikuwa na deni hilo. Aliyepata saratani ya matiti hapewi, naye daktari atamtafutia njia nyingine.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mwanamke huyu yampasa apate miligramu 1000 hadi 1200 za kalsiamu kila siku, na ziwa letu la Tanganyika limetukirimu ndagala. Mukeke ni mtamu zaidi, sikatai, lakini mifupa yake twaitupa. Ndagala huliwa mzima, na faida imo katika mifupa ile. Maziwa ni mema pia, kwa anayeyamudu, na sombe husaidia. Jua halitupungukii hapa, digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Lakini mwanamke avaaye stara kamili na kushinda ndani halipati. Basi na aketi uani, pasipo macho ya watu, mikono na miguu wazi, apate vitamini D. Na atembee kwa miguu, maana mfupa hukaza kwa kubeba mwili. Ila ambaye uti wake wa mgongo umekwisha bonyea asiinamie mizigo, na ikiwa kuinama kwamdhuru, sheria imempa ruhusa ya kusali ameketi.

Limebaki la Ramadhani, maana nimekwisha ulizwa mlangoni. Mwanamke huyu hana tena siku za kula kwa sababu ya hedhi. Atafunga mwezi mzima. Kwa hiyo kalsiamu yake yote aipate baina ya magharibi na alfajiri: ndagala wakati wa futari, maziwa wakati wa daku; na akiandikiwa vidonge vyake, avigawe vivyo hivyo, kwani mwili hauwezi kupokea vingi kwa mara moja. Dawa ya homoni aimeze usiku, saa ile ile kila siku, asiikate kwa ajili ya mfungo bila kumwuliza daktari.