Mlango wa mbaazi: maneno ya Katibu kwenye mkutano wa tawi, Kitomanga

Haya ndiyo maneno tuliyoyasema mkutanoni. Tunayatuma kwa sababu wengi mlikuwa shamba, na kwa sababu aliyekwenda kusimulia kwamba "tawi limekataza mbaazi" hakusikia vizuri.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe. Mkutano uliopita tuliulizwa: huu ugomvi wa ushuru wa mataifa makubwa tunaousikia redioni unatuhusu nini sisi wa Kitomanga? Aprili 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za karibu nchi zote, lakini hapa hakuna anayeuza gunia lake Marekani. Sisi kilichotupiga ni India, na kilitupiga mapema, mwaka 2017.

Kumbukeni ilivyokuwa. Mwaka 2014 na 2015 mvua zilikuwa mbaya India, mazao ya jamii ya kunde yakaadimika, bei ikapanda, wanunuzi wakafika mpaka huku kwetu. Serikali ya India ikawahimiza wakulima wake nao walime. Msimu wa 2016/17 wakavuna karibu tani milioni 4.8 za mbaazi, karibu mara mbili ya msimu uliotangulia. Bei ikawaangukia wakulima wa kule, wakalalamika, na Agosti 5, 2017 serikali yao ikaweka kikomo: kutoka nje ziingie tani 200,000 tu kwa mwaka. Agosti, ndugu zangu! Huku magunia ndiyo kwanza yanashonwa.

Tufanye hesabu. Tuseme mwenzetu alivuna kilo 300. Kwa shilingi 1,500 angepata 450,000. Mwaka ule wapo waliouza chini ya 200. Weka 150: ni shilingi 45,000. Toa palizi, toa magunia, toa bodaboda ya kufikisha barabarani. Katika uhasibu hiyo si faida ndogo, hiyo ni hasara, na mwenye hasara hiyo alikuwa na watoto wanaosubiri sare Januari. Tuliambiwa tule wenyewe. Mbaazi za nazi tunazipenda, asubuhi na maandazi, lakini mkoa mzima hauwezi kula kilichopandwa kwa ajili ya India.

Na tuseme linalotuuma. Mwaka ule sisi wenyewe, viongozi wa tawi hili, tuliwaambia watu wasiuze haraka, bei itarudi. Haikurudi. Wapo waliotusikiliza wakaweka ndani mpaka wadudu wakaingia. Wale tunawaomba radhi, na hatutatabiri bei tena.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawakuambiwa. Kilichotuumiza hakikuwa ushuru. Nchi maskini kama yetu India imezisamehe ushuru wa mazao mengi, mbaazi ikiwamo. Kilichotuumiza ni idadi ya tani. Ushuru ukipanda, unapunguza bei na bado unauza. Kikomo kikijaa, huuzi hata kwa bure. Na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji walikuwa wamesaini makubaliano na India mwaka 2016, tani zao zimeandikwa, kikomo hakikuwagusa. Malawi nao waliandikiana mwaka 2021, tani 50,000 kwa mwaka. Mbaazi ni ileile, udongo unafanana, tofauti ni karatasi.

Tangu Mei 2021 India imefungua tena, ndiyo maana mnada wetu una wanunuzi. Lakini ni ruhusa ya muda, inaongezwa kila inapokaribia kwisha. Wakivuna sana kule, yanaweza kurudi yaleyale.

Kuna ndugu alisema basi na sisi tufunge yetu. Tumefunga, Aprili 2025. Malawi walizuia mchele, ndizi, tangawizi, unga na mahindi yetu. Waziri wetu wa Kilimo akazuia mazao yao na ya Afrika Kusini iliyokataa ndizi zetu. Humu kwenye kundi mlishangilia, na sisi tulishangilia. Zuio letu liliondolewa baada ya siku chache ili watu wazungumze, na tunadhani lilisaidia kuwaleta mezani. Lakini Malawi wanahitaji bandari yetu. India wanahitaji nini kutoka Kitomanga ambacho hawakipati Msumbiji? Hapo ubabe hautusaidii.

Kwa hiyo mkutano umekubaliana kuandika barua kwenda kata, ipande mpaka kwa mbunge, tuambiwe: mbaazi ya Tanzania ina tani zake zilizoandikwa, au tunategemea ruhusa ya kila mwaka? Tunataka jibu kabla ya kupanda, si wakati wa mavuno.

Hatukukataza mbaazi. Tumeshauri tu usiweke shamba zima humo. Acha sehemu ya muhogo na ufuta. Ingawa ufuta nao, tusidanganyane, kwa sehemu kubwa unakwenda China.

Barua inahitaji ekari. Bila namba itasomwa kama malalamiko. Kila mwanachama amletee mjumbe wake wa shina ekari alizopanda mbaazi msimu uliopita na kilo alizouza, kabla ya Ijumaa alasiri. Aliyeuza kwa kangomba naye aandike, hatuulizi jina la mnunuzi.

Katibu wa Tawi