Redio ya Jana, Simu ya Leo
Hotuba ya Kamati ya Elimu katika sikukuu ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu wamekwisha kueleza habari za maghala, mizani na malipo ya kahawa. Sisi twapenda kusema habari za elimu, kwa maana wazee walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari halimfai mtu asiyeweza kulisoma.

Si mara ya kwanza wakulima wa nchi hii kufundishwa kwa msaada wa chombo. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971, Tanzania Bara ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, yalitolewa mafunzo ya redio yaliyoitwa "Wakati wa Furaha". Mwaka 1973 yakaja "Mtu ni Afya", yaliyoendelea kwa majuma 12. Watu wapatao milioni 2 walijiunga, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa kazi hiyo.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi. Kikundi kilikusanyika kusikiliza redio. Kisha kiongozi akasoma kitabu kwa sauti, ili asiyejua kusoma naye apate fungu lake. Baadaye walishauriana, wakaamua kazi ya kufanya kijijini mwao: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuondoa maji yaliyotuama. Yafaa tuangalie jambo moja. Redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Redio ilileta somo. Kikundi ndicho kilicholigeuza kuwa kazi.

Ndugu wanachama, hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Msimu uliopita tuliwapelekea habari za bei na makato kwa ujumbe wa maandishi katika simu, tukadhani tumekwisha kufundisha. Tulipovitembelea vyama vya msingi tuliona mengine. Wapo wazee ambao macho yao hayaoni tena herufi ndogo. Wapo akina mama wanaopalilia na kuchuma kahawa, lakini simu ya nyumbani hukaa mfukoni mwa bwana. Wapo waliosoma tarakimu wasijue ni makato ya nini. Mwanachama mmoja alituletea stakabadhi za mzani za msimu mzima, amezifunga pamoja kwa kamba ya mgomba, akatuomba tumwambie kama alilipwa haki yake. Alikuwa amezitunza kuliko makarani wengi, ila hakuweza kuzisoma. Tuliona haya.

Hata hivyo, simu ina mema ambayo redio haikuwa nayo. Kipindi cha redio kikikupita, kimekwenda. Somo la sauti lililohifadhiwa katika simu laweza kusikilizwa tena na tena, hata mahali pasipo na mtandao. Na swali la kikundi laweza kupelekwa kwa mwalimu aliye mbali, likajibiwa.

Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya Mkutano Mkuu: fungu la elimu la mwaka ujao lisitumike kwa ujumbe wa maandishi peke yake. Kila chama cha msingi kipate simu moja na spika ndogo, na viongozi wawili wa kikundi, mmoja wao mwanamke, wafunzwe. Somo la kwanza liwe namna ya kusoma stakabadhi: uzito, daraja, bei, makato na baki. Kila mwanachama aje na stakabadhi yake mkononi.

Twajua wako watakaosema kwamba fedha hizo heri ziongezwe katika malipo ya kahawa. Twawajibu kwa heshima: asiyeweza kuhakiki malipo yake atajuaje kama ameongezewa au amepunguziwa?

Tutakapokutana katika sikukuu ya miaka ishirini, asiwepo miongoni mwetu mwanachama wa kumwuliza mwenzake kama amelipwa haki yake. Hilo ndilo ombi letu kwenu.

Ushirika udumu.