Neno Alkoholi, na Hatari Iliyojificha Ndani Yake



Leo tutajifunza neno moja la elimu ya kemia: alkoholi. Waingereza huandika "alcohol", Wajerumani "Alkohol", Wafaransa "alcool", Wareno "álcool". Mtu angedhani asili yake ni Ulaya. Sivyo. Limetoka kwa Waarabu, ambao kwao "al-kuhl" ni wanja, ule unga laini wa kupaka machoni. Baadaye jina lilipewa vitu vilivyosagwa au kusafishwa sana, na katika karne ya 16 daktari Paracelsus akaliita kwa jina hilo kiini cha mvinyo.

Basi, kwa wataalamu wa kemia alkoholi si kitu kimoja, bali ni ukoo. Lubisi yetu ya ndizi ina ethanoli, ambayo hutokea sukari ya ndizi inapochachuka. Ndugu yake ni methanoli. Zamani ilipatikana kwa kuchoma kuni ndani ya chombo kilichofungwa, na mwaka 1834 Wafaransa Dumas na Péligot walieleza umbile lake. Siku hizi hutengenezwa viwandani, kwa kazi kama za rangi na gundi.

Hapo ndipo penye hatari. Methanoli haina rangi, nayo hulewesha, hata mnywaji asiitambue. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya fahamu ya macho. Dalili huweza kuchelewa nusu siku au zaidi: kichwa kuuma, kutapika, kuona ukungu, kisha upofu au kifo. Mjini Nairobi, Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100. Jirani zetu wa Kabale, Uganda, walizika makumi ya watu mwaka 2010.

Kwa hiyo, ukiona neno alkoholi juu ya pipa au chupa, usidhani ni kinywaji. Gongo usilojua limechanganywa na nini, liache. Na mnywaji akilalamika macho, msimlaze ati pombe imwishe. Mpelekeni hospitali upesi, maana akiwahi dawa ipo.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Neno alkoholi lilianza na maana gani?
2. Ethanoli na methanoli zatofautianaje?
3. Kwa nini mgonjwa asingojewe hadi kesho?