Abiria, Chunga Mzigo Wako: Utu wa Msafiri na Mipaka ya Mkataba wa Montreal



Aliyewahi kupanda basi la mikoani anayajua maneno haya: abiria chunga mzigo wako. Yamebandikwa juu ya kioo cha dereva, kondakta anayarudia stendi, na ujumbe wake ni mmoja tu: kikipotea, usitusumbue. Kama maneno hayo yana nguvu mbele ya hakimu, hilo tuliache kwa siku nyingine. Kwenye ndege za kimataifa sheria imegeuza kibao. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003 na ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unasema begi likishapokelewa kaunta, mchungaji ni shirika la ndege. Likipotea, hulazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Begi la mkononi ndilo bado lako. Ukilidai, onyesha kosa lao. Na shirika likichapa kwenye tiketi kwamba halihusiki na lolote, kifungu cha 26 kinayafuta maandishi hayo.

Haki hii ina saa yake. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kwenda mahakamani, miaka 2. Madai mengi mazuri yamefia hapa, kwa sababu mwenyewe alimweleza kila mtu pale uwanjani, kwa mdomo, akaenda zake nyumbani akisubiri simu.

Sasa tuje kwenye kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, fidia ya mizigo yote ya abiria mmoja haizidi SDR 1,519, ile sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni kama dola 2,000 za Marekani. Kwa begi la vitenge na viatu, si haba. Lakini fikirini kiti cha magurudumu cha umeme, kilichotengenezwa kwa vipimo vya mgongo wa mtu mmoja ambaye hawezi kukalia kingine. Bei yake yaweza kukizidi kikomo hicho mara kadhaa. Mbele ya Mkataba, kiti hicho ni mzigo. Hakuna kifungu kinachokitenga na sanduku la nguo. Kwa mwenyewe, ni miguu.

Upo mlango mdogo. Kifungu cha 22 kinamruhusu abiria, wakati wa kukabidhi, kutoa tamko maalumu la thamani na kulipa nyongeza akitakiwa. Hapo kikomo kinapanda hadi kiasi alichotamka. Mwenye kiti na auombe mlango huo, tena kwa maandishi. Ila mimi unanikera. Sijawahi kuulizwa kaunta miguu yangu ina thamani gani, wala kutozwa nyongeza ili ifike salama.

Naomba nikae kidogo kwenye kesi moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Septemba 2008 Bwana Christopher Stott, Mwingereza aliyepooza kuanzia mabegani, alikuwa anarudi nyumbani na mkewe kutoka kisiwa cha Zante, Ugiriki, kwa ndege ya Thomas Cook. Alikuwa amepiga simu mapema, akaeleza hali yake, akahakikishiwa kwamba mkewe atakaa kando yake. Siku ya safari wakaambiwa haiwezekani. Wakati wa kuingia ndegeni kiti chake cha magurudumu kilipinduka, akaanguka sakafuni mbele ya abiria wengine. Kisha safari ya saa 3 na dakika 20, mkewe akipiga magoti kwenye ujia wa katikati ili amlishe, amgeuze mkao na kumhudumia haja, maana hakuwa na uwezo wa kuizuia. Wahudumu hawakujishughulisha.

Kanuni Na. 1107 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 ilikuwa wazi: shirika lifanye kila juhudi inayowezekana msaidizi akae jirani na anayemsaidia. Jaji wa kwanza akakubali kwamba kanuni imevunjwa, akasema angempa pauni 2,500 kwa kuumizwa hisia, lakini mikono yake imefungwa. Tarehe 5 Machi 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubaliana naye. Mkataba wa Montreal, ndani ya muda wa safari, ndio pekee unaosema nani alipwe na kwa lipi. Unalipia kifo na jeraha la mwili, mzigo, na ucheleweshaji. Bwana Stott hakuvunjika mfupa. Aibu haimo kwenye orodha.

Majaji hawakufurahia matokeo hayo, na waliyasema hayo hukumuni. Siwalaumu. Mkataba ni mapatano: abiria alipewa fidia isiyohitaji kuthibitisha uzembe, na mashirika yakahakikishiwa kwamba hayatashtakiwa kwa sheria nyingine ya kila nchi yanakotua. Mapatano hayo yana mizizi kwenye Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, biashara ya ndege ilipokuwa bado changa. Leo si changa tena.

Fidia ikizuiwa, faini haikuzuiwa. Mkataba unagusa madai ya abiria. Haumfungi msimamizi wa usafiri wa anga asimwadhibu mwenye leseni. Oktoba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliitoza American Airlines adhabu ya dola milioni 50 kwa jinsi ilivyowatendea abiria wenye viti vya magurudumu na ilivyoviharibu viti vyenyewe. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1986, iliyopitishwa miezi michache tu baada ya maveterani waliopooza kushindwa kesi yao katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Walipokosa kwa majaji, walihamia Bungeni.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga yenye kutoa leseni. Na kuna nafasi ambayo wanasheria wetu huipita bila kuitazama: Mkataba wenyewe unahusu safari za kimataifa. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza akiwa anaendelea na safari yake kutoka Dubai anabaki chini ya Mkataba. Jirani yake aliyeanzia safari Dar es Salaam na kuishia Mwanza, Montreal haimfungi. Huyo tunaweza kumtungia kanuni bila kuomba ruhusa ya mtu. Marekani wamefanya hivyo: kwa safari za ndani, kikomo cha mizigo hakigusi kiti cha magurudumu.

Ninachopendekeza ni vifungu viwili kwa safari za ndani: kiti kilipwe kwa gharama ya kukitengeneza au ya kununua kingine cha aina yake, na kudhalilishwa kuwe dai linalojitegemea hata kama mwili haukujeruhiwa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne wameandika rasimu, ukurasa mmoja tu. Nakala ziko mezani pale mlangoni. Mliotoka wizarani, msiondoke bila kuchukua yenu.