Nakala ya Pili Ikae Nyumba Nyingine: Kuhifadhi Data ya Kompyuta ya Nyumbani

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi mjini Kitale)

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuweka nakala ya data iliyo katika kompyuta ya nyumbani. Kompyuta yenyewe ikiharibika, hununuliwa nyingine. Lakini humo ndani mna picha ya hatimiliki ya shamba, vyeti vya watoto, hesabu za chama, picha za harusi ya binti na za mazishi ya babu. Mwenye biashara ana kumbukumbu za kodi ambazo sheria inamtaka azitunze kwa miaka 5. Diski ya ndani ikifa, pengine fundi ataweza kuyaokoa hayo, pengine hataweza.

Hatari za huku kwetu tunazijua. Stima hupotea na kurudi ghafla. Msimu wa mvua huja na radi. Halafu kuna wezi. Mwizi akiingia sebuleni huondoka na laptopu pamoja na diski iliyochomekwa kando yake, na radi ikipitia kwenye nyaya huunguza vyote viwili. Kwa hiyo diski inayokaa imechomekwa mchana na usiku haina msaada mkubwa, hata kama ni ya bei ghali. Vilevile kuna virusi vinavyofunga faili na kudai pesa, kama vile WannaCry iliyosambaa duniani Mei 2017. Vikiingia kwenye kompyuta, hufunga pia faili zilizo kwenye diski iliyounganishwa nayo.

Sasa, njia zipo nyingi. Wengi hutumia flashi. Flashi ni nzuri kwa kupeleka kazi saiba ikachapishwe, lakini mimi siishauri kama ghala la miaka mingi. Ni ndogo, hupotea mfukoni, na sokoni kuna za bandia: imeandikwa gigabaiti nyingi kuliko inavyoweza kubeba, na ikijaa huharibu faili bila kukwambia. Ukinunua yoyote, ijaze kwanza, kisha ufungue faili zile moja moja uone kama zinafunguka.

Vijana watasema, tuweke kila kitu mtandaoni. Google Drive hukupa gigabaiti 15 bila malipo, ila barua pepe na picha zako za Google huhesabiwa humo humo. OneDrive hutoa 5. Lakini tufanye hesabu. Tuseme una gigabaiti 40 za picha na video, na intaneti yako inapandisha megabiti 2 kwa sekunde. Utahitaji saa 44 mfululizo, stima isipotee na bando lisiishe. Mzigo huo huo kuuhamishia kwenye diski ya nje ni kazi ya nusu saa hivi, au saa moja kama faili ni ndogo ndogo nyingi.

Tena kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Folda inayojilinganisha yenyewe na mtandao hufuata kila unachofanya: ukifuta faili kwenye kompyuta, na kule inafutwa. Google Drive huiweka kwenye pipa la taka kwa siku 30 tu. Mtoto akifuta picha mwezi wa nne, nawe ukagundua Krismasi, umechelewa.

Ushauri wangu kwa familia ya kawaida ni huu. Nunua diski ya nje yenye nafasi mara mbili ya data uliyo nayo. Mara moja kwa mwezi ichomeke, nakili folda zako, ichomoe, kisha iondoke nyumbani. Kama unaishi Kitale na dada yako yuko Bungoma, diski yako ikae kwake na yake ikae kwako. Tunatembeleana kila mara, na diski haichukui nafasi kwenye mkoba. Nyaraka chache zinazobadilika kila wiki, kama daftari la chama, zipandishe mtandaoni. Hizo ni ndogo na hazimalizi bando.

Mweka hazina wa chama, wewe una kazi ya ziada. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na nambari za vitambulisho vya wanachama si za kuzunguka kwenye matatu zikiwa wazi. Funga diski kwa nywila. Programu ya VeraCrypt ni ya bure na hufanya kazi hiyo. Nywila iandike kwenye karatasi na mtu wa pili unayemwamini ajue ilipo, kwa maana ukiisahau, hata fundi hataifungua.

Wenye Windows 10 pia wasikie: Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida ya kuilinda tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kumpelekea fundi mashine akuwekee toleo jipya, nakili kwanza. Mafundi wengine hufuta diski nzima bila kuuliza.

Halafu, mara mbili kwa mwaka, ichukue diski ile uichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Fungua picha ya zamani, fungua hesabu za mwaka jana. Zikikataa kufunguka, bado asili unayo, unaweza kunakili upya kwenye diski nyingine siku hiyo hiyo.

Naona mikono imeinuka kule nyuma. Mama, anza wewe.