Barua ya Chuo Imefika: Kiwanja Kisiuzwe Kwanza

(Maneno kwa vijana na wazazi, siku ya pili ya maadhimisho, Gudele, Juba)

Wapendwa wa Arua, Bunia, Eldoret na Kakuma, karibuni Gudele. Vumbi letu mmeshalionja, sasa ninyi ni wenyeji.

Jumapili iliyopita binti yetu wa kwaya alisimama hapa na barua mkononi. Amekubaliwa kusoma sheria Kampala. Tulipiga vigelegele, na mimi nilicheza, mlioniona msinicheke. Lakini usiku sikulala. Baba yake alinivuta pale mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, nitauza kiwanja."

Mzee ameniruhusu nilisema hili mbele yenu.

Mimi nilipata barua kama hiyo mwaka 2014. Baba yangu akauza kiwanja, hapa hapa Gudele, fedha akaziweka benki kwa paundi zetu. Mwaka wa kwanza nilisoma vizuri. Desemba 2015 paundi ikaachiwa ielee: dola iliyokuwa chini ya paundi 3 benki ikapanda kupita 18 kwa mara moja. Ada ya miaka iliyobaki ikageuka nauli ya kurudi nyumbani. Kiwanja kilikwenda na shahada haikuja. Kila nikipita pale naona nyumba ya mtu mwingine, ina mwembe mzuri sana.

Kwenye Luka 14 Yesu alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu. Mwambie jirani yako: kaa kwanza! Hujamwambia vizuri, mwambie tena.

Haya, tuhesabu. Shahada ya sheria Uganda ni miaka 4. Wengi wetu tunadhani siku ya joho ndiyo siku ya uwakili. Siyo. Anayetaka kuwa wakili kule anaingia tena Law Development Centre, Kampala, na huko nako kuna ada. Kenya kuna Kenya School of Law, Tanzania kuna Law School of Tanzania iliyoanza 2008. Kwa hiyo, mzee, usihesabu miaka 4, hesabu 5 na zaidi.

Halafu, binti yangu, unataka kusimama mbele ya hakimu wa nchi gani? Hapo ndipo penye uzito. Sisi tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini uanachama haukufanyi wakili wa kila mahakama. Kabla ya kulipa hata shilingi, nenda kwa mawakili wa hapa Juba uwaulize: shahada ya chuo hiki inapokelewaje kwetu, na nikirudi nitatakiwa kuongeza nini? Waulize chuo pia kama kwenye ada wewe ni mwana Afrika Mashariki au mgeni. Hizo zinaweza kuwa bei mbili. Majibu yaje kwa maandishi, usikubali ya simu.

Fedha zisipotosha, andika kuomba nafasi yako ishikiliwe mpaka mwaka ujao. Wanaweza kukataa, ndiyo, lakini kuomba hakuuzi kiwanja. Na Chuo Kikuu cha Juba kinafundisha sheria. Kuna vijana wanakidharau kwa sababu kinafikika kwa boda. Hicho ni kiburi tu.

Sisemi asiende. Nani hapa Gudele hajaona kesi ya kiwanja? Mume amezikwa Jumanne, Alhamisi shemeji wanapima uwanja kwa hatua. Katiba yetu ya Mpito ya 2011 inasema mwanamke ana haki ya kumiliki mali na kupata sehemu katika mali ya mumewe aliyefariki. Imeandikwa, lakini mama mjane ataisomewa na nani? Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Huyu binti tunamhitaji. Ndiyo maana sitaki arudi katikati kama mimi.

Na sisi kanisa tujiangalie. Tunasema "Mungu atatoa" halafu tunafunga mkoba. Harambee yangu ilijaza beseni siku moja. Muhula wa tatu simu hazikupokelewa. Sina uchungu. Kidogo tu. Safari hii naomba tusichange kwa shangwe ya siku moja. Mtu aandike kiasi kidogo anachoweza kila muhula, miaka yote mitano, na tukibadilishe kuwa fedha ya ada mapema, kisilale kwenye paundi.

Kesho baada ya maombi ya alfajiri tutakaa na mzee, na mama, na binti mwenyewe. Yeye ndiye atakayeshika daftari, maana maisha ni yake. Wapendwa wa Kampala, msiondoke: kodi ya chumba nayo ni ada, na baadhi yenu mna vyumba. Mnunuzi wa kiwanja alitaka jibu leo. Mzee amemwambia asubiri.