Mkutano wa Mtaa Usigeuke Baraza la Bwana Shauri

(Hotuba iliyotolewa mjini Mpanda mbele ya wanachama, wananchi na watumishi wa Manispaa)



Nimeombwa niseme habari ya usalama na huduma katika mitaa ya mji wetu. Juu ya giza, taka, maji na mifereji sina la kuwafundisha, maana hayo ninyi mnalala nayo na kuamka nayo. Nataka nikae juu ya jambo moja ambalo naona bado halijaeleweka: huu mkutano wenyewe wa wananchi na watumishi ni kitu gani, na una nguvu gani.

Mji wa Mpanda, ndugu zangu, haukuanzishwa kwa ajili yetu. Reli ya kutoka Kaliua ilivutwa hadi hapa karibu na mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa na kampuni ya Uruwira. Aliyefikiriwa kwanza kwa nyumba, kwa maji na kwa ulinzi ni yule aliyehitajika na mgodi. Mwafrika alikuwa mkono wa kazi. Katika nchi yote ya Tanganyika siku zile, Mwafrika akiitwa barazani aliitwa ili aambiwe. Bwana Shauri ameketi kitini, watu wameketi chini, tarishi amesimama pembeni. Linasomwa tangazo la kodi, linasomwa tangazo la usafi, kisha watu wanatawanyika. Nani angethubutu kuuliza, "Na sisi maji tutapata lini?"

Mgodi ulifungwa zamani, na Bwana Shauri alikwenda kwao. Lakini nasema wazi mbele ya watumishi hawa, na wasinikasirikie, kwamba ile namna yake ya baraza haijaondoka yote. Mara ngapi tumekaa mkutanoni, mtumishi akasoma taarifa yake, mama mmoja akasimama kueleza kwamba mfereji umeziba na maji yanaingia nyumbani kwake, akajibiwa, "Mama, tumelipokea, tunalifanyia kazi"? Limepokelewa wapi? Limeandikwa katika daftari lipi? Nani anayelifanyia kazi, na ataimaliza siku gani? Mama anakaa chini, watu wanapiga makofi, na mvua za Novemba zikirudi maji yanaingia tena pale pale.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni madogo, kwamba serikali kubwa ndiyo inayojenga barabara na kuleta umeme. Hao nawakumbusha historia yetu wenyewe. Mwaka 1972 ulipoanza mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa, na halmashauri za miji zikafuata. Nia ilikuwa njema: maendeleo yaende mbio. Lakini miji ilikosa mwenyewe. Taka zilikaa, mabomba yakapasuka, na mwananchi hakuwa na diwani wa kumshika shati. Haikupita miaka mingi, mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikaja sheria ambazo ndizo msingi wa serikali za mitaa tulizo nazo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoulizwa mwaka 1984 ni mambo gani asingeyafanya kama angeanza upya, alilitaja hilo la kuvunja serikali za mitaa pamoja na lile la kuvunja vyama vya ushirika. Leo Katiba yetu, katika ibara ya 145 na ya 146, inasema serikali hizi zipo ili madaraka yawafikie wananchi, na ulinzi wa wananchi umetajwa humo kuwa ni sehemu ya kazi zake. Basi mtu anayedai taa mtaani kwake haombi sadaka.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Tukimwuliza mtumishi wa Manispaa juu ya kalavati, anatuambia hiyo ni kazi ya TARURA. Watu wananung'unika, wanadhani anakwepa. Kumbe mara nyingi anasema kweli! Tangu Julai 2017 barabara za mitaa pamoja na mifereji yake ziko chini ya wakala huo, nao si idara ya Manispaa. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ni ya mamlaka ya maji ya mji, MUWASA. Umeme ni TANESCO. Reli na eneo lake ni Shirika la Reli. Polisi wana wizara yao. Manispaa inabaki na taka, masoko, zahanati, shule na mengineyo. Kwa hiyo mwananchi wa Makanyagio au wa Nsemulwa mwenye shida moja tu, ya kwamba njia ya kutoka sokoni ina giza na shimo, anaweza kuhitaji milango mitatu. Mimi sioni kwamba ni haki kumtuma mwananchi azunguke milango hiyo na baiskeli yake. Ofisi ndizo zije mkutanoni, zikae meza moja, zijibizane huko huko mbele yetu. Ikiwa mmoja hakuja, iandikwe kwamba hakuja.

Na tujue pia nguvu yetu inaishia wapi, maana kudai usichoweza kupewa ni kupoteza pumzi. Ndugu zetu wa vijijini wanatushinda hapa. Kijiji kilichoandikishwa kina halmashauri yake yenye kutambuliwa na sheria, kinaweza kutunga sheria ndogo, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Mtaa wa mjini hauna hayo. Mtaa unapendekeza. Maneno yetu yanatoka mtaani, yanakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka hapo yanakwenda Baraza la Madiwani ambako fedha hugawanywa. Neno lisiloandikwa haliwezi kupanda ngazi hiyo. Ndiyo maana nashikilia muhtasari kuliko makofi. Afadhali mkutano wa watu arobaini wenye karatasi moja iliyotiwa sahihi kuliko mkutano wa watu elfu wenye ngoma.

Juu ya usalama nitasema kwa uangalifu, kwani hapa damu inaweza kumwagika.

Watu wa magharibi hatuna haja ya kufundishwa ulinzi wa jadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora walipochoshwa na wezi wa ng'ombe walianzisha Sungusungu, na wezi waliwaogopa kweli kweli. Serikali iliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa nafasi. Lakini tusisimulie nusu ya habari. Baadhi ya Sungusungu waligeuka wakawa mahakimu wa usiku: wakapiga, wakatoza faini, wakawafukuza vizee kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote yakawa ushahidi! Tukianzisha doria ya mtaa, na mimi naitaka, ijulikane ni nani wanaozunguka, majina yao yawe kwa mtendaji wa mtaa na polisi, na wakimkamata mtu wamfikishe kituoni akiwa hai na mzima. Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kukawia. Haimpi ruhusa ya tairi na kiberiti.

Fedha ya doria nayo isomwe hadharani: nani ametoa, nani hajatoa, imetumikaje. Mlinzi asiyelipwa miezi miwili atatafuta malipo yake kwingine.

Na doria isiwe ya kuulizana makabila. Mkoa huu, tangu ulipotengwa na Rukwa mwaka 2012, na hata kabla yake, ni wa watu waliotoka pande nyingi. Tuna wenyeji, tuna wafugaji waliokuja na mifugo yao, na tuna ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wao au wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na wengi wao sasa wana vyeti vya uraia wa Tanzania. Mtu wa namna hiyo akihamia mjini na kuibiwa, asiulizwe kwanza alizaliwa wapi.

Nina neno moja kwa wanachama peke yao, ingawa wengine wanasikia. Mwaka 1964 TANU ilipoanza utaratibu wa nyumba kumi, balozi alikuwa jicho la usalama kwa kila nyumba, na mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Tangu mwaka 1992 vyama ni vingi. Balozi ni wa Chama. Mwenyekiti wa mtaa ni wa wote. Jirani wa chama kingine akiona mlango wake umevunjwa hana sababu ya kwenda kwa balozi wetu, na akija mkutanoni akakuta wimbo wetu na shati zetu, atarudi nyumbani na habari za mwizi aliyemwona. Shati tuziache nyumbani siku hiyo. Tena katika uchaguzi wa Novemba 2024 viti vya mitaa karibu vyote nchini vilikwenda kwa chama kimoja, na vyama vingine vililalamika kwamba wagombea wao wengi waliondolewa. Ubishi huo una mahali pake. Mimi nasema tu kwamba mwenye viti vyote hana wa kumsingizia taka zikirundikana.

Basi naomba leo tuanze hivi. Katibu afungue daftari na kugawa ukurasa sehemu nne: shida, ofisi inayohusika, jina la mtumishi aliyeipokea, na siku aliyoahidi. Mkutano ujao usianze na hotuba yangu wala ya mtu mwingine. Uanze kwa kusomwa ukurasa huo, na kila mwenye jina asimame. Aliyetimiza tumshukuru. Aliyeshindwa kwa kukosa fedha aseme ni shilingi ngapi zimepungua, na diwani aliyeko hapa alichukue. Aliyeshindwa bila sababu, muhtasari upelekwe kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa diwani.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Maswali yaanze kwa akina mama kule nyuma, maana kila mara muda huwaishia wao.